Wali wa Embe wa Ugadi

SWALI: Katika tamthilia moja niliona familia ya Bengaluru, India, ikisherehekea sikukuu ya Ugadi kwa wali wa embe bivu uliomiminiwa tui la nazi lenye sukari. Je, ndivyo unavyopikwa? Na kama sivyo, kosa hilo lina uzito wowote?

JIBU: Ndugu msomaji, ulichokiona ni chakula cha Thailand. Wali wa embe wa Karnataka, jimbo la kusini mwa India lenye jiji la Bengaluru, uitwao mavinakayi chitranna, hupikwa kwa embe bichi lenye ukali, na hauna sukari ya kuufanya kitindamlo.

Mchele hupikwa kwanza, kisha wali hutandazwa kwenye sinia upoe ili punje zisishikamane. Mafuta yakishapata moto hutiwa punje za haradali, na zinapoanza kurukaruka huongezwa dengu zilizopaazwa na karanga, ambazo hukaangwa hadi ziwe na rangi ya dhahabu, ndipo zifuatwe na pilipili kavu, majani ya kari, mvuje kidogo na manjano. Majani hayo yakigusa mafuta hulipuka, na mpishi aliyezoea husogea nyuma kabla hajayatupia. Embe lililokwanguliwa hugeuzwa humo kwa dakika chache tu, kisha wali na chumvi huchanganywa polepole. Lionje embe kabla ya kupima, kwa kuwa ukali hutofautiana sana. Nyumba nyingi za Karnataka huongeza nazi iliyosagwa pamoja na haradali na pilipili.

Kuhusu uzito wa kosa, naona ni mkubwa. Ugadi, mwaka mpya wa Karnataka, Andhra Pradesh na Telangana, huangukia Machi au Aprili, wakati embe bichi zinapoingia sokoni, na embe hilo hilo hutiwa pamoja na maua ya mwarobaini na sukari guru katika pachadi, mchanganyiko unaoonjwa siku hiyo. Aliyeweka embe bivu na tui amepoteza mahali na msimu kwa pamoja, na mtazamaji wa Bengaluru hawezi tena kuiamini familia ile. Simlaumu mwandishi kwa nyumba isiyotia mvuje, wala kwa wahamiaji wanaotumia limau palipokosekana embe bichi, mradi hadithi yenyewe ionyeshe hivyo. Mtayarishaji angemwita mpishi wa Karnataka, akampa jiko na kupiga picha mikono yake, tukio lile lingesimama bila kuongezewa neno.