Muulize Nesi: Kengele ya kitanda kwa baba anayeamka usiku

SWALI: Shkamoo dada nesi. Baba ana miaka 78, alipata stroku upande wa kushoto ukalegea, na siku hizi anasahausahau sana. Usiku anainuka kimya kimya, tushamkuta chini pembeni ya kitanda, na juzi mlango wa nyuma uko wazi yeye yuko uani anatafuta mbuzi ambao tuliwauza zamani. Binamu yangu wa Muscat anasema kuna kimkeka unaweka kitandani kinapiga kengele mgonjwa akiinuka, yuko tayari kutuma hela. Ni kweli kinasaidia au hela inaenda bure? Wengine wanasema tumuwekee vyuma pembeni ya kitanda. (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba mdogo wangu, poleni sana. Nianze na vyuma maana hapo ndo naogopa zaidi: mtu mwenye akili timamu chuma kinamkumbusha asidondoke, ila aliyechanganyikiwa anakiona ni ukuta wa kuruka, anapanda juu, akianguka anaanguka kutoka juu zaidi, na wapo walionaswa shingo kati ya chuma na godoro wakafa. Kwa baba yako hapana.

Kimkeka chenyewe hakina maajabu. Ndani kina swichi bapa, mtu akilala uzito unaikandamiza, akitoka inaachia na kidude kinalia. Kinawekwa chini ya shuka au chini ya godoro, inategemea aina. Cha chini ya makalio kinalia wakati mzee ashatoka, cha usawa wa mabega kinawahi kidogo ila hata akijigeuza tu kinalia, na mzee akiwa mwembamba juu ya godoro nene la sponji saa zingine hakimsikii kabisa. Kwa hiyo kabla ya kukiamini mlaze, muinue, mlaze tena, usiku na mchana, muone. Chukueni kinachotumia betri maana umeme wetu mnaujua, na kiwe na kipokeo kinacholia chumbani kwenu, sio masikioni mwa mzee, king'ora cha ghafla saa nane usiku kinamshtua anakurupuka na hapo ndo anaanguka vizuri.

Sasa ukweli ambao muuzaji hatakwambia. Huko Memphis, Marekani, walijaribu hizi kengele hospitali kwenye wodi 16, wagonjwa zaidi ya 27,000, matokeo yakatoka 2012: kengele zilitumika zaidi, ila kuanguka hakukupungua kwa maana yoyote. Waingereza nao walipima mikeka ya kitanda na kiti, 2014 wakakuta vile vile. Sababu haifichiki, kengele haimshiki mtu, inakuita wewe, na kama uko mbali au umelala fofofo utafika yuko sakafuni. Nyumbani ambako mtu analala chumba cha pili mi naona inaweza kuwafaa kuliko wodi ya manesi wawili, ila msiiweke iwe ndo ulinzi wenyewe.

Kabla ya hela ya binamu kuja, chunguzeni anaamka saa ngapi na anataka nini. Wengi ni mkojo tu! Kama anameza vidonge vya presha vile vya kukojosha jioni, muulizeni daktari kama vinaweza kuhamia asubuhi (msihamishe wenyewe), mpeni kopo karibu, au mwamsheni nyie kabla ya saa yake. Wengine wanaamka alfajiri kuswali kwa mazoea ya miaka sitini, huyo unamuandalia maji na kiti, humzuii. Afu kitanda kigeuzeni ashukie kulia, mkono na mguu wenye nguvu, akikaa ukingoni nyayo zote zifike chini. Kama mmeinulia kitanda kwa matofali, yatoeni. Godoro la sakafuni nalo hapana, hatainuka na nyie mgongo utawaisha. Na hiyo neti, jamani, pindo likining'inia miguuni ni mtego, ichomekwe chini ya godoro pande zote ila upande wa kushukia muiache fupi isiburuze. Taa ndogo iwake usiku kucha.

Mlango wa nyuma kengele ndogo ya sumaku inatosha, ile ukifungua inalia. Msimfungie kwa kufuli la nje, moto ukitokea mtajuta.

SWALI: Dada, mi nalea wazee Minnesota kwenye nyumba ya wazee. Bosi kaondoa kengele zote za vitanda na viti, kwa nini wakati sisi wa zamu ya usiku tuko wachache? (Msomaji, Marekani)

JIBU: Bosi wako hajabuni. Mwongozo wa serikali ya huko wa 2017 unasema kengele ya aina hiyo inaweza kuhesabiwa ni kumfunga mtu, maana mzee anaogopa hata kujigeuza isije ikalia, anakaa kama kapigiliwa, miguu inaisha nguvu. Afu zikilia kutwa nzima nyie wenyewe mnaacha kuzisikia. Ila kama ameondoa kengele bila kuwapangia mizunguko ya chooni na mtu wa kuongeza usiku, hapo kakata nusu ya kazi, na hilo mlipeleke kwenye kikao kwa maandishi, mkitaja saa ambazo wazee wenu wanaanguka zaidi.