Kabla hujapamba ujumbe wa kuingilia kwenye seva

Wadogo zangu mlioanza mafunzo kwa vitendo msimu huu, na ninyi mlioajiriwa juzi mkapewa ufunguo wa SSH, njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali, kwa mara ya kwanza, nawaona. Wiki haijaisha, seva ya majaribio imeshaandikwa KARIBU kwa herufi kubwa zinazochorwa na programu ya figlet, zimejaa kioo kizima, rangi zote za programu ya lolcat, na chini yake fuvu la kichwa lililochorwa kwa nyota na mabano. Nafurahi mnaipenda kazi, na sitaki mwache kuipenda. Ila kila kundi jipya linarudia makosa yaleyale, na mengine yanawaumiza watu wasiojua hata seva ni nini. Someni kwanza, ndipo mfungue nano kuhariri faili.

1. Jua unaandika wapi. Faili ya /etc/issue.net, ikitajwa kwenye mstari wa Banner ndani ya sshd_config, faili ya mipangilio ya SSH, inaonekana kabla mtu hajathibitishwa. Ya /etc/motd inaonekana akishaingia. Kwenye Ubuntu kuna pia folda ya /etc/update-motd.d, yenye skripti zinazofuatana kwa namba: 00-header inatangulia, 98-reboot-required inakuja karibu na mwisho, na PAM, mfumo wa kuthibitisha wanaoingia, ndiyo inayoziendesha mtu anapoingia. Kwa hiyo ukikuta PrintMotd no kwenye sshd_config usiibadilishe, PAM imeshaibeba kazi hiyo. Halafu kuna .bashrc, faili ambayo bash, programu inayopokea amri zako, huisoma inapoanza, na hiyo nawaomba, tena kwa kusisitiza, msiiguse kwa ajili ya salamu.

2. Kwa nini .bashrc isiguswe. Tulikuwa na kijana mmoja mwenye mikono myepesi kuliko wote ofisini. Alipewa kazi ya kupanga akaunti ya bekapu kwenye seva ya kuhifadhia nakala. Aliipanga vizuri: ufunguo, ruhusa za folda, kila kitu. Mwisho akaongeza mistari miwili kwenye .bashrc, figlet yenye jina la seva na echo ya kumtakia anayeingia kazi njema. Akajaribu kwa ssh, ikapendeza, akafunga laptop akawahi mwendokasi.

Sasa, akaunti ile haikuwa ya mtu. Ilikuwa ya rsync, programu ya kunakili faili kati ya mashine, ambayo kila usiku iliingia ikitokea kwenye mashine ya mteja, kubeba nakala ya hifadhidata ya mauzo. Na bash ikigundua imeamshwa na sshd, yaani programu ya SSH upande wa seva, inaisoma .bashrc hata kama hakuna binadamu mbele ya kioo. Debian na Ubuntu wameweka kinga mwanzoni mwa faili hiyo: mistari inayokagua kama shell, yaani bash hiyo, ni ya mtu, na kama siyo, inarudi bila kusoma chini. Salamu zingewekwa chini ya mistari hiyo, kisingeharibika kitu. Lakini kijana alitaka zitokee kwanza kabisa, akazipachika juu yake.

Rsync ilitegemea kupokea namba ya toleo la protokali. Ikapokea figlet, ikakata kwa kosa namba 2, la protokali kutopatana. Kosa hilo halikusomwa na yeyote, kwa sababu mstari wa cron (ratiba inayoamsha kazi zenyewe) uliishia na >/dev/null 2>&1 aliouacha fundi wa zamani, yaani kila kinachosemwa kitupwe. Usiku ule, na usiku zilizofuata, kila kitu kilionekana kiko sawa. Kisha diski ya mteja ikafa. Tukaenda kuchukua nakala, na nakala mpya kuliko zote ilikuwa ya usiku wa kabla ya salamu.

Wahasibu wa mteja waliketi na mabunda ya risiti za EFD wakiingiza mauzo upya kwa mkono. Karatasi zile hufifia haraka, hasa zikikaa kwenye joto la stoo. Kijana alikwenda kuketi nao bila kutumwa, akisoma tarakimu kwa sauti huku dada wa uhasibu akiandika. Risiti isiyosomeka aliinyanyua kwenye mwanga wa dirisha, akaigeuza huku na huku, mpaka jumla na kodi zikakubaliana. Nyingine hazikukubaliana kamwe, zikawekwa pembeni. Hakuna aliyemfokea. Leo ni fundi ninayemwamini na seva yoyote, na mtu akitaja .bashrc mbele yake anaacha chakula aje kutazama.

Kipimo ni kifupi. Ukiwa kwenye mashine yako andika ssh seva true > matokeo, kisha tazama ukubwa wa faili hiyo. Ikiwa na hata baiti moja, kuna kitu kinapiga kelele, kitafute ukitoe leo.

3. Jina la skripti ya update-motd.d lisiwe na nukta. Ukiiita 05-karibu.sh, run-parts, amri ambayo PAM huitumia kuziendesha, inairuka bila kusema neno, na utakesha ukijiuliza umekosea wapi. Ondoa .sh, weka chmod +x ili iweze kuendeshwa. Na kama lolcat haipatikani, andika njia kamili, /usr/games/lolcat.

4. Skripti za update-motd.d zinaendeshwa na root, mtumiaji mwenye mamlaka yote kwenye seva, na mtu haingii mpaka zimalize. Hapo kuna mambo mawili. Kwanza, faili isiandikike na mtu mwingine yeyote. Anayeweza kuibadilisha ameshakuwa root, anasubiri tu mwingine aingie. Pili, zisiulize chochote mtandaoni. Tuseme seva iko data senta ya hapahapa Dar, inafikika bila shida, ila skripti yako inaomba hali ya hewa kutoka tovuti ya Ulaya. Ikija siku kama ile ya 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini na intaneti ikasuasua nchi nzima, utaingiza ufunguo na kioo kitaganda. Siku ambayo kila mtu anakupigia simu, unasubiri kuambiwa kama kuna mawingu! Ikibidi kabisa, tanguliza timeout 2, ili amri ikatwe baada ya sekunde mbili.

5. Banner inasomwa na yeyote anayefika poti 22, mlango wa SSH, wakiwemo wanaobisha hodi usiku kucha kwa nia mbaya. Usitaje toleo la mfumo wala jina la mteja. Andika kwamba mfumo ni wa wenye ruhusa tu na kwamba matumizi yanarekodiwa. Kuingia bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na inafaa aliyefika mlangoni awe ameambiwa.

6. Sasa cha kuandika. Mfikirie mtu atakayeusoma: ameamshwa saa nane usiku, umeme umekatika, anaingia kwa programu ya Termux kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Figlet kwenye simu inakatikakatika ikawa takataka. Huyo anahitaji hivi:

mauzo-01 PRODAKSHEN
kazi: hifadhidata ya mauzo
diski: 71%
saa: 02:14 Dar / 23:14 UTC
bekapu nzuri ya mwisho: leo 01:00
tatizo: simu ya zamu

PRODAKSHEN iwe nyekundu, na hiyo ndiyo rangi pekee ninayoitetea. Saa ziwe mbili kwa sababu seva nyingi zinatumia UTC, saa ya pamoja ya dunia, nasi tuko saa tatu mbele. Mtu mwenye usingizi akitafuta kwenye logi, kumbukumbu za seva, tukio la saa nane usiku atakosea hata tarehe. Amri ni TZ=Africa/Dar_es_Salaam date. Mstari wa bekapu usome tarehe ya nakala iliyofika na kukaguliwa, usisome tarehe ambayo cron iliamka. Na simu iwe ya zamu, isiwe ya mtu binafsi, maana watu huhama kazi na ujumbe unabaki ukiwataja.

7. Ukigusa sshd_config: sshd -t kwanza kukagua makosa, kisha reload ili isomwe upya, na dirisha la pili likae wazi mpaka umeingia upya ukahakikisha.

8. Matangazo ya Ubuntu yanazimwa kwa ENABLED=0 kwenye /etc/default/motd-news. Na kama wewe binafsi umechoka kuona ujumbe, touch ~/.hushlogin kwenye akaunti yako, ila ule wa wote uache ulivyo, kuna mwenzako wa zamu anautegemea.