Re: Unit za LUKU zinaisha fasta, friji au nini?
Mkuu umeuliza unit 10 zinaishaje siku tatu wakati una friji ndogo, TV na taa, halafu huko mwishoni umetaja jagi la umeme la maji ya kuoga kama kitu kidogo tu, sasa mchawi wako si ndo huyo.

Unit moja ni wati 1000 zikitumika lisaa zima. Angalia wati kwenye kifaa, zidisha na masaa, gawa kwa 1000. Jagi la wati 2000 likiwaka dakika 6 limeshakula unit 0.2, wakati taa ya LED ya wati 9 mpaka ifikie hapo inawaka masaa 22! Mmesema mko watano, kila mtu jagi moja asubuhi moja usiku, hizo ni unit 2 kwa siku, siku tatu 6, zilizobaki ndo wanagawana friji na wenzake.

Friji usiipigie hesabu ya masaa 24 maana kompresa inawaka na kuzima, ila cheki mpira wa mlango, bana karatasi hapo, ikichomoka kiulaini mpira umechoka.

Na kama unahisi kuna mtu anakuibia, zima vyote, chomoa mpaka chaja, kaangalie kataa kekundu kwenye mita. Yangu imeandikwa 1000 imp/kWh, yani kanablinki mara 1000 ndo unit moja iende. Kakiendelea kublinki na umezima kila kitu, tafuta fundi.