Kwa aliyeuliza kuhusu mama yake anayeshinda ndani: njoo nikusimulie kikundi chetu cha dansi cha Ngamiani

Mwanangu uliyeleta uzi, nimekusoma. Mama yako ana miaka 63, umemleta Tanga baada ya baba yenu kufariki, anashinda sebuleni na runinga, na ukimwambia atoke anakujibu, "Kwa umri huu nikatafute mashoga wapi?" Wengi wamekushauri umtafutie vikoba au umfungulie genge. Si vibaya. Mimi nakueleza nililolipitia mwenyewe. Nina miaka 66, muuguzi mstaafu, naishi Ngamiani, hapa hapa Tanga.

Mwaka wa kwanza wa kustaafu ulinitesa. Nilizoea kuamka saa kumi na moja alfajiri na kuitwa "sista" kila kona. Ghafla hakuna anayeniita. Aliyenitoa ndani ni somo yangu wa Makorora. Binti yake alimwonyesha kwenye simu wanawake wa Marekani, mvi kichwa kizima, wamevaa viatu vyenye vibati chini, wanacheza kwa kugonga sakafu. Dansi hiyo inaitwa tapu. Somo akanipigia saa hiyo hiyo: "Njoo usikie, utadhani mama zetu wanatwanga."

Na kweli. Aliyekulia Pwani anajua wanawake watatu wanavyopokezana michi kwenye kinu kimoja. Huyu anashusha, yule anainua, wa tatu yuko kati kwa kati, na michi haigongani. Mtoto aliyelala ndani anajua kwa sikio tu kwamba mmoja ameacha mchi kwenda kuepua chungu. Ndivyo tulivyojifunza sisi, wanne uani kwa somo, bila mwalimu. Tunaangalia video, tunaisimamisha, tunarudia. Hatua tukazipa majina yetu. Kufagia ni kupitisha ncha ya kiatu mbele na kuirudisha. Kutwanga ni mguu mzima. Ile ya kuhamisha uzito haraka mguu huu kwenda ule tukaiita kupokea mchi, na hadi leo ndiyo niipendayo kuliko zote.

Viatu vilitusumbua. Tulianza na vizibo vya soda tulivyovipigilia chini ya viatu vya zamani. Vinalia vizuri, ila vinateleza, na msumari mmoja ulinichoma dole gumba la mguu. Fundi viatu akatukatia vibati, kimoja cha vidoleni na kimoja cha kisigino, akavibana kwa skrubu fupi kwenye soli ngumu. Lakini kosa letu kubwa lilikuwa sakafu. Miezi miwili tulicheza juu ya saruji, magoti na miundi ikatuuma hata kupanda daladala kazi. Saruji hainyumbuki, kishindo chote kinarudi kwenye goti. Tukachanga, seremala akatutengenezea jukwaa la mita nne kwa tatu, papi chini, plaiwudi juu, libonyee kidogo mtu akikanyaga. Maumivu yakapungua. Na sauti yenyewe, mwanangu! Saruji inalia kama kijiko kwenye sahani. Mbao ina kifua.

Baadaye nikataka kujua dansi hii imetoka wapi. Mizizi yake ni Waafrika waliofanywa watumwa Marekani. Mwaka 1739 watumwa waliasi South Carolina, na mwaka 1740 ikapitishwa sheria ya kuwakataza ngoma, maana ngoma zinaita watu. Ngoma zikaondoka mikononi, miguu ikaibeba kazi ya ngoma, kisha baada ya miaka mingi uchezaji huo ukachanganyika na dansi za wahamiaji wa Ireland. Nilipowasomea wenzangu, uani kulinyamaza. Mkubwa wetu ana miaka 74, marehemu mama yake alicheza lelemama, ile ngoma ya wanawake wa Pwani, enzi za vyama vya ngoma na sare zao. Akasema taratibu, "Kumbe mtoto wetu karudi." Siku hiyo tulicheza mpaka adhana ya magharibi ikatukuta.

Mama yako anaogopa watasema bibi mzima anacheza. Watasema. Kuna jirani alitutangaza kuwa tumerukwa na akili. Sisi tunacheza uani, wanawake watupu, baada ya alasiri, na mwezi wa Ramadhani tunapumzika. Mkumbushe pia kwamba Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba pale Dar es Salaam, na mwaka 1955 alipoingia kazi ya TANU, chama cha kudai uhuru, wanawake wa vikundi vya ngoma ndio aliowaendea kuwaingiza chamani. Wanawake waliozoea kucheza pamoja walikwisha kuaminiana.

Jambo moja tulilikataa mapema, nalo ni mikopo. Nimeona mashoga walioshibana miaka thelathini wakikosana kabisa kwa sababu ya rejesho. Tuna kijimfuko cha ugonjwa na msiba tu, basi.

Sasa lile ninalotaka ulishike. Tulifika kumi na mmoja, na mmoja wetu anatoka Chumbageni, mpole, maneno yake ya siku nzima unaweza kuyahesabu. Jumanne moja hakuja. Tukaanza bila yeye, na kila tukifika kwenye kupokea mchi panakuwa na shimo. Tukarudia mara tatu, shimo liko palepale. Somo akavua viatu: "Hapa hatuchezi, twendeni." Tulimkuta kitandani, mlango umerudishiwa tu, homa kali, hajatia kitu mdomoni tangu jana yake, wanawe wote wako mbali. Tukampeleka hospitali, ilikuwa malaria. Wawili wakalala kwake usiku ule, wengine tukapeana zamu za uji kwa wiki nzima.

Aliporudi miguu ilikuwa haina nguvu za kusimama. Tukamwekea kiti juu ya jukwaa, akavaa viatu vyake, akagonga akiwa amekaa. Shimo likazibika. Nimefanya kazi wodini miaka mingi, nimeona watu wakipona, lakini uso wa mwanamke yule aliposikia zamu yake inaingia mahali pake sijapata kuuona kwa mgonjwa. Tulilia huku tunagonga, wala hakuna aliyekosea.

Kwa hiyo usimwambie mama aende mazoezini. Mwambie kuna wanawake wanamhitaji. Tunakutana Jumanne na Jumamosi. Aje na kanga ya kujifunga kiunoni na viatu vya soli ngumu vinavyomkaa, vibati tutamwekea. Kama ana presha, apimwe kwanza, nami nitaipima tena hapo hapo. Kama magoti yanasumbua, kile kiti bado tunacho. Mwenzetu mmoja amehamia Muheza kulea wajukuu, alikuwa akisimama wa tatu kutoka mlangoni, na upande ule mpaka sasa hausikiki sawa.