Niliuliza kiasi cha deni, sikumuuliza hali yake

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza: mtu aliyetawaliwa na kamari ya mtandaoni amwendee nani kwanza, ndugu yake au mtaalamu? Mimi ndiye ndugu aliyeendewa, kwa hiyo swali hilo limenigusa pabaya. Jibu lililonijia papo hapo lilikuwa fupi: amwendee mtaalamu, na ndugu wakae kando. Ndugu hana ujuzi, ana hofu na aibu, na juu ya yote ana akiba yake au anajua pa kukopa, ilhali mtu aliyezama katika kamari hapaswi kuwekewa pesa mpya mbele ya macho yake. Nilikusudia kuandika hayo tu. Hata hivyo siwezi kuyaandika bila kusimulia usiku ule.

Mdogo wangu wa kiume alinijia saa tano usiku bila kunipigia simu kwanza. Hakukubali kuketi. Aliiweka simu yake mezani kifudifudi, akaifunika kwa kiganja na kuigandamiza, kama mtu aliyemkamata mdudu anayeogopa kumwachia. Akasema, "Dada, nimeharibu." Kisha akaanza kueleza, kwa sauti ya chini na bila kunitazama, kwamba alianza na madau madogo ya mechi za mpira, akashinda mara mbili za mwanzo, halafu kila mkeka, yaani orodha ya mechi alizozibashiri pamoja, ulipochanika kwa mechi moja tu akawa anaamini kwamba unaofuata utarudisha yote. Baadaye akahamia michezo isiyosubiri mechi yoyote, ile ambayo dau huwekwa na kupotea ndani ya sekunde chache, hata akiwa kitandani au kazini.

Alipokuwa akizungumza, simu iliwaka mara tatu chini ya kiganja chake, nami niliuona mwanga ukipenya katikati ya vidole. Nilimwomba anionyeshe. Ulikuwa ujumbe wa kampuni ya kamari ukimpa dau la bure kwa kuwa hakuwa amecheza tangu asubuhi. Walikuwa wamegundua ukimya wake wa siku moja, na mimi dada yake sikuwa nimegundua chochote kwa mwaka mzima.

Nilimuuliza swali moja tu: "Ni kiasi gani?"

Alinyamaza, akautazama ukuta, akataja kiasi. Leo ninajua kwamba kilikuwa nusu ya deni. Nilichukua karatasi, nikamwambia anitajie wanaomdai, akanitajia watu sita. Kwa siku mbili zilizofuata nilitoa akiba yangu na kumlipa mmoja baada ya mwingine, na kila nilipomaliza nilikata jina lake kwa mstari ulionyooka. Karatasi hiyo ninayo hadi sasa. Waliokuwa wakimdai walikuwa kumi na mmoja. Jina la sita lilipokatwa mdogo wangu alilia na kuapa kwamba hatarudia, na ninashikilia hata leo kwamba machozi yale yalikuwa ya kweli. Hilo ndilo lililonichukua muda mrefu kulielewa, kwamba mtu anaweza kulia kwa dhati na kukuficha watu watano katika saa hiyo hiyo. Wiki ya tano alikuwa amerudi kucheza, safari hii akiwa na madeni machache zaidi ya kumkumbusha, kwa sababu mimi nilikuwa nimempunguzia.

Kipo pia kitu nilichokipita usiku ule, nacho kinaniuma kuliko akiba yangu. Akiwa mlangoni aliniomba nimwangalie mwanawe "ikitokea lolote". Nilimwitikia kwamba nitamwangalia. Sikumuuliza "lolote" ni nini.

Baada ya hapo ndipo nilipoanza kusoma. Mwongozo wa uchunguzi wa magonjwa ya akili unaotumiwa na madaktari wa Marekani, katika toleo lake la mwaka 2013, uliiondoa kamari kwenye kundi la matatizo ya kushindwa kujizuia, ukaiweka kwenye kundi la uraibu pamoja na pombe na dawa za kulevya. Shirika la Afya Duniani nalo, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, limeitaja kwa jina lake kamari inayochezwa zaidi mtandaoni. Mwongozo ule wa Marekani una dalili tisa, na nne kati yake ndani ya miezi kumi na miwili zinatosha kuthibitisha ugonjwa. Nilizipitia nikimfikiria yeye: kurudi kucheza ili kufidia kilichopotea, kudanganya, kukosa utulivu anapojaribu kuacha. Nikafika kwenye dalili ya tisa, ambayo ni kutegemea watu wengine wampe pesa za kumtoa kwenye shimo alilojichimbia. Hapo nilikuwa ninasoma habari zangu mwenyewe. Malipo niliyoyaita msaada yalikuwa yameandikwa miongoni mwa dalili za ugonjwa.

Nilisoma pia kwa nini kumwambia mtu "acha tu" hakusaidii. Mwanasaikolojia wa Marekani B. F. Skinner alionyesha katika karne iliyopita, kwa majaribio ya njiwa na panya, kwamba tendo linalolipwa mara moja moja, bila mpango unaotabirika, ni gumu sana kulizima. Kamari imejengwa juu ya msingi huo, na simu imeiondolea saa za kufunga.

Hadi hapa msimamo wangu wa mwanzo umesimama imara. Lakini ninapoendelea kuandika ninalazimika kukiri jambo moja: mdogo wangu alikuwa amepita mbele ya mlango wa mshauri mara kadhaa kabla ya usiku ule, na hakuingia. Aliingia baada ya kunijia mara ya pili, wakati ambapo nilimwambia kwamba sitatoa pesa tena lakini nitakwenda naye. Nilikaa nje kwenye benchi siku ya kwanza, na siku ya pili, na siku ya tatu akaniambia nisije.

Kwa mshauri alitakiwa kuandika saa ambazo hamu ilimpanda na kilichotangulia hamu hiyo. Sote tulidhani ni siku za ukata. Daftari lilionyesha jioni za siku ya mshahara na saa zinazofuata ugomvi. Alijifungia mwenyewe akaunti zake zote, moja moja, akaweka kwenye simu programu inayozuia tovuti za kamari, na kwa hiari yake akaamua mshahara wake upitie kwangu. Alijiunga pia na kikundi cha watu wenye tatizo lake, kinachofuata njia ya Gamblers Anonymous, chama kilichoanzishwa Los Angeles mwaka 1957. Chama hicho kina maswali ishirini ya mtu kujipima, na alipoyajibu mezani kwangu ndipo yale majina matano yalipotajwa. Hao amewalipa mwenyewe, polepole, kwa mapatano.

Basi jibu langu limegeuka mikononi mwangu. Amwendee ndugu kwanza, ikiwa ndugu huyo anaweza kusikiliza bila kufungua pochi, na ikiwa yupo tayari kusindikiza badala ya kulipa. Ninaongeza masharti. Ikiwa ndugu ni mkali wa kupiga, au naye anabeti, au ndiye anayedai, mtaalamu atangulie. Na mtu akigusia kifo, hata kwa fumbo kama lile nililoambiwa mlangoni, aulizwe waziwazi kama anafikiria kujiua, asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali usiku huo huo, kwa kuwa hatari ya kujiua kwa wenye uraibu huu ni kubwa kuliko kwa watu wengine. Deni litasubiri.

Sasa ni miezi kumi na minne. Ziko jioni ambazo hunipigia na kusema tu, "Dada, imenijia," nami huongea naye habari nyingine mpaka ipite. Kadi yake ya benki bado iko kwangu. Juma lililopita aliniuliza kama wakati wa kumrudishia umefika, nikamwambia tukamuulize mshauri pamoja.