Usitume hiyo laki nne: andika Kiboscho, siyo Kibosho

Mleta uzi, simama hapo hapo. Umesema umeingia kwenye ZEFYS, ule ukurasa wa magazeti ya zamani ya maktaba ya Berlin, ukaandika "Kibosho", sifuri. Ukaandika jina la ukoo wenu, sifuri. Sasa unataka kumtumia mtafiti wa hapa Moshi mjini laki nne akutafutie, na akikosa, kitabu cha ukoo kiandike kwamba Wajerumani hawakuacha neno lolote kuhusu kwenu. Umeuliza pia habari za tafsiri na namna ya kuchapa picha, lakini kwanza hii laki nne ibaki mfukoni. Sifuri ya kile kisanduku cha kutafutia haisemi waraka haupo. Inasema mashine haikukuta neno kwa herufi ulizoandika, basi.

Mimi hela ya namna hiyo nimeshalipa. Jamaa aliketi kwenye kompyuta ya steshenari, akaandika neno lile lile nililokuwa nimeandika mimi, akanipa karatasi yenye mhuri: "hakuna kumbukumbu". Mpaka leo inaniuma. Mtu anajiita mtafiti wa historia ya Kilimanjaro na hajui Mjerumani aliandikaje Moshi! Na watu wanampelekea hela za kihamba, shamba la ukoo.

Mjerumani "sh" yetu anaiandika "sch", na "j" yetu "dsch", mara nyingine hata "ch" yetu. Kwa hiyo Moshi ni Moschi, Arusha ni Aruscha, Kibosho ni Kiboscho, Kilimanjaro ni Kilimandscharo, Wachaga ni Wadschagga, Machame utaikuta Madschame. Mwanza ni Muansa. Marangu na Rombo zimebaki zilivyo. Usitegemee tahajia moja tu, maana ndani ya faili moja karani huyu anaandika hivi na yule vile. Kabla hujagusa kompyuta, chukua karatasi, andika kila jina kwa namna tatu au nne.

Hapo bado hujafika kwenye tatizo lenyewe. Magazeti mengi ya Kijerumani ya wakati ule yalichapwa kwa Fraktur, zile herufi za Kijerumani za zamani zenye kona kona, na ndani yake kuna "s" ndefu, ſ, inayofanana na "f". Kuza ukurasa mpaka herufi ziwe kubwa kama ukucha, utaona: "f" ina kamstari kanakokatiza katikati na kutokea kulia, "s" ndefu haina kamstari ka kulia. Jicho lako litaona tofauti. Programu ya kusoma herufi, ikipewa karatasi iliyofifia, haioni. Moſchi inaiandika Mofchi, Aruſcha inakuwa Arufcha. K kubwa na R kubwa zinakaribiana mno, kwa hiyo Kiboscho inaweza kugeuka Riboscho au Ribofcho. "u" na "n" zinabadilishana, Muansa inakuwa Mnansa. Andika hayo makosa yenyewe kwenye kisanduku, yaandike kama yalivyo. Kama mfumo unakubali kinyota (*), kinachosimama badala ya herufi yoyote, Mo*chi inakamata Moschi na Mofchi kwa mpigo mmoja. Halafu kuna safu nyembamba za gazeti: neno linakatwa mwisho wa mstari, "Kibo-" huku juu na "scho" kule chini, na mifumo mingine hailiunganishi tena.

Tena kuna magazeti ambayo hayajasomwa na mashine kabisa, ni picha tupu. Jaribu hivi: fungua ukurasa mmoja, chagua neno unaloliona kwa macho yako, refu na lililochapwa vizuri, kisha litafute ndani ya gazeti hilo hilo. Likikosekana, funga kisanduku, hapo hakuna cha kutafuta, kuna cha kusoma.

Na hapa ndipo ninapotaka unisikilize kuliko pengine pote: TAFUTA KWA TAREHE, siyo kwa jina. Chukua mfano wa Mangi Meli, mtawala wa Old Moshi: Wajerumani walimnyonga huko huko tarehe 2 Machi 1900. Gazeti la Kijerumani la Deutsch-Ostafrikanische Zeitung lilikuwa linachapwa Dar es Salaam tangu 1899. Habari za mlimani zilisafiri kwa miguu kwanza mpaka pwani, kwa hiyo fungua kalenda ya gazeti, ingia 1900, pitia toleo kwa toleo kuanzia Machi, songa mbele mpaka Mei. Ni jioni mbili za kazi na bando la kawaida. Ukitafuta "Meli" kwenye magazeti ya Kiswahili ya enzi hizo, utaletewa merikebu za barua mpaka uchoke.

Jina la ukoo wako usilitegemee. Mara nyingi waliandika jina la mangi na mahali, wengine wakabaki "watu wa fulani". Kwa Kibosho tafuta mangi Sina, jaribu na Sinna. Kwa Old Moshi kumbuka mangi Rindi anaitwa pia Mandara. Na angalia mwaka: "Moschi" ya kabla reli ya Tanga haijafika mwaka 1911 ni Old Moshi, kule juu. Mji tunaouita Moshi leo ulikulia kwenye stesheni, nao utaukuta Neu-Moschi. Wapo waliopeleka shamba la babu yao kilomita kadhaa bondeni kwa kutojua hilo.

Ukimaliza magazeti, nenda kwenye mafaili ya wizara ya makoloni ya Ujerumani, yenye alama R 1001, kwenye invenio, mfumo wa kutafutia mtandaoni wa Bundesarchiv, yaani nyaraka za taifa za Ujerumani. Pale kisanduku kinatafuta vichwa vya mafaili na maelezo yake mafupi, hakiingii ndani ya kurasa. Ukiandika jina la babu utapata sifuri hata kama limo ukurasa wa pili. Tafuta Ostafrika, Moschi, Kilimandscharo, soma miaka iliyoandikwa kwenye kichwa, fungua faili zima, ufunue picha kwa picha. Namba ya karatasi iko kona ya juu kulia, na inapigwa upande wa mbele tu. Kwa hiyo karatasi ya 40 haiko picha ya 40. Iko karibu na ya 80, ongeza jalada. Ukinukuu, andika namba ya faili, namba ya karatasi, mbele au nyuma. "Picha ya 83" peke yake haimsaidii mtu, maana faili likiskaniwa upya hesabu inahama.

Mafaili ya boma lenyewe, ofisi ya Wajerumani ya huku kwetu, yale yasiyopelekwa Berlin, baadhi yako Nyaraka za Taifa Dar es Salaam. Hayo ndiyo ya kulipia nauli, na uende mwenyewe, ukiwa na karatasi yako ya tahajia mkononi.

Anza leo usiku na Machi 1900. Ukikwama kwenye mstari, weka hapa picha yake pamoja na tarehe ya toleo, tutausoma.