Jibu: Siku moja Paris, nianzie wapi kwenye kumbukumbu za vita?
Kwa siku moja, asubuhi nenda Musée de l'Armée, makumbusho ya jeshi, pale kwenye majengo ya Invalides. Tiketi hiyohiyo inakuingiza kwenye kaburi la Napoleon, kwa hiyo usiitupe. Wengi humaliza nguvu kwenye deraya na panga za kale, wakafika kumbi za vita kuu mbili miguu imeshakufa. Wewe anzia kwenye kumbi hizo za vita kuu.

Jioni, nenda Arc de Triomphe, lile tao kubwa la ushindi. Mwenge wa Askari Asiyejulikana, mwanajeshi wa Vita Kuu ya Kwanza aliyezikwa hapo 1921, huchochewa kila siku saa 12:30 jioni (18:30 kwa saa zao). Pita njia ya chini ya ardhi. Usithubutu kukatiza kipilefti kile chenye barabara 12. Kusimama chini ya tao ni bure, kupanda ngazi 284 ndiko kunakolipiwa.